Tabibu Aliyefua Meno

Alilishika bomba la sindano kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote wa hospitali. Wauguzi wote waliowahi kunidunga walisukuma dawa kwa kidole gumba. Yeye alisukuma kwa kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayebonyeza parachichi sokoni kuangalia kama limeiva. Siku moja nilimwuliza sababu, naye akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye trei yake.

"Kidole gumba kina nguvu, Mwalimu, lakini hakisikii. Hiki kingine kinasikia."

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye baraza la zahanati ya kanisa, upande wa Nyegezi, na dirisha lake lilitazama mawe makubwa na ziwa lililo nyuma yake. Mimi nilikuwa katekista wa parokia ile kwa miaka mingi. Ndiyo maana watu huniita Mwalimu mpaka leo, ingawa nimestaafu na wanafunzi niliobaki nao ni wajukuu. Yeye alikuwa tabibu wa meno. Jina lake sitaliandika. Hapendi kusemwa, na tena jina hilo lilishasemwa kwa ubaya kiasi cha kutosha, huku mimi nikiwa nimekaa palepale, ninasikia.

Afadhali niliseme jambo hilo mapema ili msomaji asije akanidhania mwema kuliko nilivyo. Tabibu huyu aliacha kazi aliyoijua kuliko wote waliokuwa karibu nasi. Aliiacha kwa miaka sita, akiamini kwamba hafai tena kuifanya. Sababu mojawapo ya kuacha ilikuwa mimi, na katika miaka hiyo sita sikumwambia mtu yeyote aliyestahili kuambiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutibu mizizi ya meno. Kwetu jino likiuma watu huling'oa. Baba zetu waling'oa, nasi tuking'oa tunaona tumemaliza. Yeye alichukia kung'oa. Alisema ni sawa na kuhama kaya kwa sababu paa linavuja. Alimweleza kila mgonjwa upya, hata kama wa kabla yake alikuwa amesikia yote kupitia mlangoni, kwamba ndani ya kila mzizi kuna mfereji mwembamba kuliko uzi wa kushonea, na nyama iliyomo ikioza ndipo mtu hulia usiku kucha. Alipiga ganzi, akalitandika jino kipande cha mpira kilichofunika mdomo wote na kuliacha jino peke yake likichungulia, akalifungua kwa juu, akaingiza visindano vya chuma vya kusugulia. Baada ya hapo akaanza kuosha. Hapo ndipo alipokuwa bingwa.

"Visindano vinafungua njia tu," alisema. "Humo ndani kuna vichochoro ambavyo chuma hakifiki. Kinachofika ni maji."

Maji yake yalikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni dawa ya klorini, ndugu wa ile tunayotolea madoa kwenye nguo nyeupe. Aliitunza kwenye chupa nyeusi mbali na jua, na ikifika juma moja aliimwaga, hata iwe imebaki nusu. Kabla ya kuitumia aliisimamisha kwenye bakuli la maji ya moto, kwa kuwa ikiwa vuguvugu hula uozo haraka zaidi. Ya pili iliyeyusha ule unga unaobaki kwenye kuta za mfereji baada ya kusugua. Ya tatu ilikuwa maji ya chumvi tu, ya kusuuzia katikati. Ukipita barazani na chumba chake kiko wazi, kwa harufu ile ungedhani kuna mtu anafua mashuka ya padri.

Mama mmoja aliwahi kuinuka kwenye kiti akiwa ameziba pua. "Tabibu, hii si ndiyo ninayofulia mashati ya shule?"

"Ndugu yake, mama. Ile inakula doa, hii inakula nyama iliyooza. Lala."

"Na ulimi wangu je?"

"Mpira huu nimekuwekea urembo?"

Mama akalala. Ndivyo alivyokuwa. Maneno yake yalikuwa makavu na mikono yake laini. Mtu akimwambia "asante kwa kuniziba jino" humrekebisha palepale: "Sizibi meno mimi, ninafua. Kuziba ni kuanika tu."

Namkumbuka pia mpiga debe mmoja wa stendi ya Buzuruga, kijana wa sauti kubwa, fizi ya jino la mbele imevimba. Aliingia akiwa amekwisha kuamua.

"Mama, ng'oa tu nirudi stendi. Magari yanaondoka."

"Ukishang'oa hilo utapigaje mluzi?"

"Kwani mluzi unatokea hapo?"

"Liegemezee ulimi kwa nyuma, liwe kama halipo, halafu upige."

Kijana akajaribu. Ilitoka pumzi tupu, na sisi tuliokaa kwenye benchi la barazani tukacheka mpaka mtoto wa mtu akaamka. Akajaribu tena, akatutazama, akarudi kwenye kiti mwenyewe. "Fua, mama," akasema. "Fua hata mpaka kesho."

Na kweli kazi ilikuwa ndefu. Dawa huwekwa, ikaachwa itulie, ikatolewa, ikawekwa nyingine. Mgonjwa amelala mdomo wazi, hawezi kusema. Ukutani palikuwa na saa iliyosimama, na tabibu alikataa katakata iwekewe betri. Alisema saa ikitembea mgonjwa huitazama saa, na anayeitazama saa hukaza shingo. Badala yake alimpa kila mtu namna yake ya kupima. Mimi aliniambia, "Mwalimu, sali rozari moyoni. Ukimaliza fungu moja inua kidole, nibadilishe dawa." Mzee wa Kiislamu niliyemfuata kwenye foleni siku moja alipewa kazi hiyohiyo kwa tasbihi yake. Mama mmoja wa Kisabato aliimba wimbo kichwani beti zote, na kila mwisho wa wimbo kidole kilipanda juu. Nimesali rozari makanisani, misibani na safarini. Lakini ninakiri kwamba zile nilizosali chini ya mpira ule, mkono wa mtu mwema ukiwa mdomoni mwangu, zilikuwa na utulivu ambao sikuuzoea.

Msomaji asidhani kwamba tabibu alikuwa mtu wa subira. Subira yake iliishia kwenye jino. Nje ya hapo hakuwa nayo hata chembe. Foleni ya benki aliiacha katikati. Chai aliinywa ikiwa ya moto mpaka machozi yanamtoka, na sukari alitia vijiko vinne, yeye aliyekuwa akitukaripia sisi kwa soda. "Mimi najua pa kwenda yakiharibika," alisema. Padri akihubiri kwa muda mrefu, alianza kujigeuza kwenye benchi, na tukitoka nje ananinong'oneza: "Leo Padri alikuwa anatafuta mfereji wa nne." Magego fulani ya juu, alinieleza, huwa na mfereji wa nne uliojificha, nao unaweza kukuchukua asubuhi nzima kuutafuta, na pengine haumo. Nilicheka siku ile, nikatubu, halafu nikacheka tena nyumbani.

Na aliogopa sindano. Wakati wa chanjo wafanyakazi walipopanga mstari, yeye alijifungia chumbani akidai anachemsha vifaa. Sista msimamizi wa zahanati alimtoa kwa kumshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jambo moja alilonionyesha nililifanyia kazi kwenye mafundisho ya wachumba kwa miaka. Alichukua kifuniko cha chupa, akatia matone ya ile dawa ya klorini, halafu akatia matone ya dawa nyingine ya kuulia vijidudu, ya wazi kama maji. Zilipokutana zikageuka uji wa rangi ya kutu, mzito, wa kuchukiza.

"Zote mbili ni nzuri," akasema. "Lakini zisikutane bila maji katikati. Zikikutana hivi zinaziba mfereji na rangi hii haitoki tena."

Nikawaambia wachumba: mkikasirika wote wawili kwa pamoja, mmoja aende kwanza akanywe maji. Walicheka, lakini wapo walioniambia baadaye kuwa iliwafaa.

Sasa nifike pale ninapotakiwa kufika.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa na gego la chini likimtesa. Tabibu alikwisha kulifungua na kulianza, na siku ya kulimalizia ikaangukia siku ya mazishi ya kaka yake mke wangu, ng'ambo, upande wa Sengerema. Tulipanga apitie zahanati asubuhi, halafu tuwahi kivuko cha Kamanga, tufike kabla ya kuzika. Mimi ndiye niliyetakiwa kuongoza sala kaburini. Bodaboda mbili zilikuwa nje zimeegeshwa, na vijana wake walikuwa wakipiga honi.

Nilisimama mlangoni. Tabibu alikuwa kwenye mzizi wa mwisho. Nikasema, "Tabibu, muda." Baada ya kitambo nikasema, "Tabibu, kivuko kinaondoka, mama." Akasema, "Fungu moja tu, Mwalimu." Na mimi, ambaye nilikuwa nimelala kwenye kiti kilekile nikihesabu Salamu Maria kwa utulivu mkubwa, nikapandisha sauti: "Tabibu, marehemu hatungoji!"

Nilimwona akibadilisha kidole. Niliona kwa macho yangu haya. Kidole cha shahada kikatoka, dole gumba likaingia, na akasukuma.

Mke wangu aliruka kwenye kiti. Alitoa sauti chini ya ule mpira ambayo sitaki kuieleza. Dawa ilikuwa imepita ncha ya mzizi, ikaingia kwenye nyama ya taya, na dawa inayokula uozo haichagui sana. Damu ikajaa kwenye jino. Shavu likaanza kuvimba tukiwa tunalitazama, kama unga unaoumuka.

Tabibu hakujificha hata kwa sentensi moja. Alitoa mpira, akaanza kusuuza kwa maji ya chumvi, polepole, mengi, akaacha damu itoke, akaweka barafu shavuni, na huku akifanya hivyo akatuambia sote wawili: "Nimeivusha dawa. Imetoka nje ya mzizi. Kosa ni langu. Utavimba sana, Mama Kulwa, utapata rangi nyeusi mpaka shingoni, lakini utapona. Nitakuja kila siku."

Alikuja siku tisa mfululizo, kwa miguu, baada ya kazi. Siku ya kwanza barafu, siku zilizofuata kitambaa cha maji ya moto, vidonge, na kukaa tu kando ya kitanda. Mazishi hatukwenda. Uvimbe ulishuka, rangi ikahama kutoka nyeusi kwenda kijani hadi njano, na baada ya majuma mawili mke wangu alikuwa anakaanga samaki na kunigombeza kama kawaida. Jino lilimaliziwa kwenye hospitali kubwa mjini, kwa barua ya tabibu mwenyewe iliyoeleza kosa lake wazi. Jino hilo bado lipo. Linatafuna mahindi ya kuchoma, Mungu ashukuriwe.

Lakini maneno yalikwisha kutoka. Kwenye bomba la maji, sokoni, kwenye jumuiya yetu ya kusali: yule tabibu amemchoma mke wa katekista kwa dawa ya kufulia. Watu walinigeukia mimi. "Mwalimu, si kweli?" Nami nikasema, "Tumshukuru Mungu, amepona." Ni maneno mazuri. Niliyasema mara nyingi sana, na kila mara yalikuwa kweli, na kila mara niliyatumia kama pazia. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi wakati huo, na mimi sikujitolea kusema.

Tabibu hakunitaja. Aliendelea kunisalimia shikamoo kila Jumapili. Ila kutibu mizizi aliacha. Akawa anang'oa, anasafisha ukoko wa meno, anaziba vishimo vidogo vya juu. Wenye mizizi aliwaelekeza hospitali ya mbali, na wengi hawakwenda. Walirudi baada ya mwezi kung'olewa. Nimewaona wasichana wa miaka ishirini wakitabasamu kwa kufunika mdomo kwa mkono, na kila nikimwona mmoja nilijua.

Niliungama, ndiyo. Padri alinisikiliza, akanipa maondoleo, halafu akasema, "Mbele ya Mungu yamekwisha, Mwalimu. Mbele ya yule tabibu bado. Nenda." Nikaitikia. Sikwenda. Mtu aliyefundisha wengine kwa muda mrefu hujua njia nyingi za kuahirisha kwa heshima.

Mwaka huu jino langu mwenyewe likaanza kuuma. Ni gego la juu ambalo meno yangu matatu ya bandia yameshikiliwa nalo. Nilikwenda zahanati, na Sista msimamizi akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mizizi hafanyi. Na vifaa vyake vyote vya mizizi ameviweka kwenye boksi, ameniandikia barua tuvipeleke kwenye zahanati nyingine. Ijumaa gari linavichukua. Nimemwomba miaka yote hii. Jibu lake ni moja tu: anasema hajiamini."

Nyumbani nilimweleza mke wangu kuhusu boksi. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Baba Kulwa, siku ile nilipigwa ganzi ya taya. Masikio hayakupigwa."

Nilikaa chini kwenye kizingiti.

"Ulisikia?"

"Mara zote tatu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Si wewe unayewafundisha watu kuungama?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema kwa sababu yangu." Akapuliza pumba. "Sasa boksi likishaondoka utakwenda kumwambia nini? Nenda kesho. Na vaa shati safi."

Nilikwenda Alhamisi asubuhi. Boksi lilikuwa juu ya meza yake, limefungwa kwa utepe wa gundi. Tabibu alikuwa akifuta kiti. Amezeeka kidogo, miwani imeongezeka unene.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tabibu. Nimekuja na jino, na nimekuja na neno."

"Anza na jino. Neno lako huwa refu."

"Leo ni fupi," nikasema, nikiwa bado nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitaanza kuhubiri. "Siku ile ya Mama Kulwa, mimi ndiye niliyekuharakisha. Nilisema mara tatu. Nilikuona ukibadilisha kidole. Watu walipokusema vibaya nilikuwapo, nikanyamaza. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Aliweka kitambaa chini, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, pembeni kabisa, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu."

"Ya mwisho ulisemaje?"

"Nilisema, 'Tabibu, marehemu hatungoji.'"

Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani ninaona hasira, nikajiandaa kuipokea, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Kumbe alikuwa analia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa uchungu.

"Basi ulisema," akasema. "Ulisema kweli."

"Nilisema, mama."

"Mwalimu, unajua ni miaka mingapi sijui kama niliisikia sauti hiyo? Nilijua tu kwamba kuna mtu alinisukuma. Halafu nikajiambia, hapana, umeitunga hiyo sauti wewe, ili upate wa kumsingizia. Mzee wa watu, katekista, amefiwa, mke wake uso umevimba, na wewe unamtafutia kosa. Kukosea, kila tabibu hukosea. Hilo lisingeniondoa kwenye kazi. Ila nikasema, mtu anayeweza kujitungia uongo ili ajitetee, huyo asishike bomba mdomoni mwa mtu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulizeje? 'Samahani, Mwalimu, eti ulinipigia kelele au ninakusingizia?'" Akacheka ndani ya machozi, kicheko kimoja kifupi. "Ungenijibu tumshukuru Mungu, amepona."

Lilinichoma, na nilistahili. Nje kulikuwa na kunguru wakigombania kitu juu ya jiwe. Baadaye akasema, kwa sauti yake ile kavu ya zamani:

"Lakini dole gumba lilikuwa langu. Hilo usilichukue."

"Silichukui."

"Ulisema, nami nikakubali kuharakishwa. Tugawane hivyo."

"Tugawane hivyo."

"Nimekusamehe, Mwalimu. Kaa nikuone jino." Akanikagua kwa kioo chake kidogo, akaligonga gego, nikaruka. "Hili linahitaji kufuliwa," akasema, halafu akakishusha kioo, kana kwamba neno lile lilimtoka kabla hajalipa ruhusa. Alilitazama boksi kwa muda. Kisha akachukua kisu cha karatasi, akakata ule utepe.

Hakunitibu siku hiyo. Chupa iliyokuwamo aliifungua, akainusa, akaimwaga yote kwenye sinki. "Imekuwa maji matupu," akasema. "Njoo Jumatano. Nitakuwa na mpya."

Jumamosi kwenye jumuiya, tulipomaliza sala, niliomba nafasi, nikaziambia kaya zote zilizokuwapo kile kilichotokea, na nani alikuwa mlangoni. Mzee mmoja alisema, "Kumbe." Mama mmoja, ambaye ndiye aliyelisambaza sana lile la dawa ya kufulia, aliinama akafunga kanga yake vizuri. Mke wangu alipitisha karanga. Nilirudi nyumbani mwepesi kiasi kwamba nilipitiliza njia ya kuingilia kwetu.

Jumatano nilikuwa kwenye kiti. Mpira ulimponyoka mara mbili wakati wa kuutandika. Ilipofika kwenye kuosha, alisukuma kwa kidole cha shahada. Alichukua muda mrefu sana, na mtu wa tatu barazani alipochungulia kuuliza kama bado, tabibu alimwambia bila kugeuka, "Bado. Ukitaka haraka, rudi kesho." Yule mtu akarudi kwenye benchi.

Tulipomaliza alinitoa hadi mlangoni. Kwenye benchi alikuwapo mwanamke kijana, ameshika shavu, leso imelowa mate.

"Umekuja kufanya nini, dada?" tabibu akamwuliza.

"Kung'oa, Tabibu. Wameniambia hapa siku hizi mnang'oa tu."

"Nani kakuambia? Ingia tulitazame kwanza."

Msichana akaingia, mlango ukafungwa, na baada ya muda ile harufu ya kufua ikatoka chini ya mlango. Nilitaka kumshukuru Mungu kwa sauti pale barazani, lakini upande wangu mmoja wa mdomo ulikuwa bado na ganzi. Nikamshukuru kimyakimya, huku mate yakinidondoka kwenye shati safi.